Sura ya Nne: Kanali Ametoka Wapi?

Nilikuwa kidato cha kwanza, muhula wa kwanza, miezi michache tu tangu niache kusoma kila somo kwa Kiswahili. Mwalimu wa Kiingereza alinisimamisha nisome aya moja ya hadithi kwa sauti. Nilikwenda vizuri mpaka nikakutana na neno la herufi saba ambalo sikuwahi kuliona: colonel. Nikalifanyia kile ambacho miaka saba ya shule ya msingi ilinifundisha kulifanyia neno geni. Nililigawa silabi, nikalisoma lilivyoandikwa: ko-lo-nel.

Darasa zima liliangua kicheko, na aliyetangulia kucheka alikuwa mwalimu. Kisha akalitamka yeye. Lilitoka neno fupi la silabi mbili, lenye irabu ndefu ambayo sikuweza kuipa herufi, na l moja tu mwishoni. Nilitazama kitabu. L ya katikati ilikuwepo, nyeusi juu ya karatasi nyeupe. O mbili zilikuwepo. Aliniamuru nilirudie mara kumi, nikalirudia mara kumi, lakini hakunieleza herufi zile zilikwenda wapi. Baada ya siku ile sikunyoosha mkono darasani mpaka mwaka ulipokwisha.

Jioni nilimweleza baba mdogo, ambaye alikuwa ametoka jeshini na cheo cha koplo na elimu ya darasa la nne. Nilimwandikia neno lenyewe kwenye vumbi kwa kijiti. Akaniuliza maana yake, nikamwambia ni ofisa wa jeshi, mkubwa kuliko meja. Akasema, "Basi huyo si kanali, mwanangu?"

Ni kanali, naam. Neno lililonishinda darasani nilikuwa nikilisikia redioni tangu nikiwa mdogo, maana Muammar Gaddafi alishika madaraka Libya mwaka 1969, akabaki nayo hadi 2011, na muda wote huo watangazaji wetu walimwita Kanali. Sikuwahi kufikiri kwamba kanali na lile dude la kitabuni ni neno moja.

Tangu siku ile nimelifuatilia neno hili kwa miaka mingi, na ninachotaka kusema katika sura hii ni hiki: mtoto anayesoma ko-lo-nel hajakosea kusoma. Amelisoma kwa uaminifu neno ambalo maandishi yake yametoka nchi moja na sauti yake imetoka nchi nyingine. Wanaostahili kuulizwa ni Waingereza wa karne ya 16 na ya 17, na wao wana hadithi ya kusimulia.

Hadithi inaanzia Italia. Kwa Kiitaliano nguzo ni colonna, kutoka Kilatini columna, na askari waliopangwa kwa msururu mrefu wakielekea vitani waliitwa kwa jina hilohilo, kwa kuwa kwa mbali walionekana kama nguzo iliyolazwa chini. Kiswahili kilitumia picha nyingine, ya mstari, tukalichukua neno safu kutoka Kiarabu. Hata hivyo lugha hizi zimekutana mahali fulani. Sisi tuna safu ya askari na safu ya gazeti, na Waingereza nao hutumia neno moja, column, kwa askari wanaotembea na kwa makala inayoshuka kwenye ukurasa. Basi kile kikundi cha askari kilichotangulia mbele ya kikosi kiliitwa kwa jina lililotokana na nguzo, na mkubwa wake akaitwa colonnello. Ukitaka kumtafsiri kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, huyu ni mkuu wa safu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ya kosa ambalo nililifanya mwenyewe na ambalo wanafunzi wangu wamelifanya baada yangu. Ukiliona neno colonel, na historia yetu unaijua, jicho linakimbilia koloni, mkoloni, ukoloni. Mtu aliyevaa magwanda na kuja kututawala: mbona inaingia akilini? Lakini mawili haya hayana undugu. Koloni linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kulima, kwa maana ya mahali ambapo wakulima wa Kirumi walipelekwa kukaa, ilhali kanali anatokana na nguzo. Mwanafunzi anayeyachanganya ana wenzake wakubwa. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755 iliyokuwa fahari ya Waingereza, aliandika kwamba asili ya neno hili haina uhakika. Akazitaja dhana mbili za wataalamu waliomtangulia, moja ya kiongozi wa koloni na nyingine ya nguzo, na akaona kila moja inakubalika. Mtu aliyeandika kamusi nzima ya lugha yake alisimama palepale tunaposimama sisi.

Turudi njiani. Vita vya Italia vilileta majeshi ya Wafaransa na Wahispania kwenye ardhi hiyo, na askari huokota maneno kama wanavyookota magonjwa. Neno colonnello lilipoingia katika vinywa vya Wafaransa lilibadilika likawa coronel. Wahispania nao wakawa na coronel. L ya kwanza iligeuka r.

Kwa nini? Jaribu kukitamka haraka kile kitanza ndimi cha wali wa Liwali. Ulimi unachoka. Unapotakiwa kugusa mahali pamoja kwa namna ileile mara mbili mfululizo, unatafuta nafuu, na nafuu ya haraka ni kubadilisha mguso mmoja. Wanaisimu wameliona jambo hili katika lugha nyingi: sauti mbili zinazofanana, zikikaribiana mno ndani ya neno moja, hukimbiana. Na l na r ndizo hukimbiana mara nyingi zaidi, maana ni majirani kinywani, na hatua ya kutoka moja kwenda nyingine ni ndogo.

Mfano uko chini ya miguu yetu. Lile jiwe la kung'aa linalotandikwa sakafuni tunaliita marumaru, neno lililotufikia kupitia Kiarabu, nalo mzizi wake wa mbali ni wa Kigiriki, marmaros. R mbili, na Kiswahili kimezitunza zote mbili. Kiingereza kililipata jiwe hilohilo kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, lakini njiani r ya pili ilichoka ikawa l, na leo wanasema marble. Msafiri wa kwenda kuhiji naye alikuwa peregrinus kwa Kilatini, mwenye r mbili, na kwa Kiingereza amekuwa pilgrim. Ni kani ileile iliyomgeuza kanali, ila kwake ilikwenda upande wa pili: l ikawa r.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Ulaya. Mkikuyu haiti lugha yake Kikuyu, anaiita Gĩkũyũ. Kiambishi chake ni kilekile ki- cha Kiswahili, cha Kihaya na cha Kichaga, lakini k yake inapofuatwa na silabi inayoanza na k, t au th, hulegea ikawa g. Ndiyo maana kwenye ramani ya Kenya ya kati utakuta Githunguri na Gatundu kwa g, kisha ukakuta Kiambu na Kirinyaga kwa k, kwa sababu hizi mbili za mwisho hazina kitu cha kuikimbiza k yake. Kanuni hii inaitwa Kanuni ya Dahl. Mjerumani Carl Meinhof aliipa jina hilo mwaka 1903 kwa heshima ya mmisionari Edmund Dahl, aliyemweleza jinsi inavyofanya kazi katika Kinyamwezi. Kwa hiyo Mnyamwezi na Mkikuyu walikuwa wakitenganisha sauti zinazofanana kwa karne nyingi bila kumwomba mtu ruhusa, kama alivyofanya askari wa Kifaransa.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza. Neno liliwafikia Waingereza katikati ya karne ya 16, nao walilipata kwa Wafaransa, likiwa na r yake. Waliandika coronel, wakasema ko-ro-nel, na hapakuwa na tatizo lolote: jicho na sikio vilipatana. Baadhi yao walidhani limetokana na taji la mfalme, maana linafanana na jina la taji kwa lugha yao. Lakini katika miaka hiyohiyo wasomi walikuwa wakitafsiri vitabu vya Kiitaliano vya sanaa ya vita, na humo walikutana na colonnello. Wakaona kwamba wananchi wao wanaliandika vibaya neno la kisomi. Wakaanza kuliandika kwa l, na kufika katikati ya karne ya 17 kalamu ilikuwa imeshinda. Coronel iliondoka kwenye karatasi.

Kinywani haikuondoka. Askari hakujifunza cheo cha mkubwa wake vitabuni. Alikisikia kikitajwa uwanjani, na aliendelea kukitaja alivyokisikia. Kwa zaidi ya karne moja Waingereza walikuwa na matamshi mawili, la wenye vitabu kwa l na la watu wengine kwa r. Katikati ya hayo silabi ya kati, isiyo na mkazo, ilimezwa, neno likabaki na silabi mbili. Johnson mwaka 1755 alilitaja kwa silabi mbili na l yake. John Walker, aliyechapisha kamusi ya matamshi mwaka 1791, alilikuta likitamkwa kwa r, akaliweka miongoni mwa makosa makubwa yasiyotibika. Mwanzoni mwa karne ya 19 r ilikuwa imebaki peke yake uwanjani.

Halafu likatokea jambo jingine. Waingereza wa kusini, London na jirani zake, waliacha kuitamka r inapofuatwa na konsonanti. Iliyeyuka, ikaacha irabu iliyorefuka. Ile r iliyoingia kuipokonya l nafasi yake nayo ikatoweka. Wafaransa walikuwa wamesharudi kwenye colonel, wanaandika l na wanasema l. Wahispania wanaandika r na wanasema r mpaka leo. Mmarekani anaandika l na anasema r. Mwingereza wa London anaandika l, na pale katikati hasemi l wala r.

Mtoto wa kidato cha kwanza anapewa matokeo ya safari yote hii, miaka karibu mia tano, kwenye ukurasa mmoja, na anachekwa kwa kutoyajua.

Hili linanikera, na sioni sababu ya kulificha. Mwanafunzi wetu anatoka katika lugha ambayo herufi hutimiza ahadi yake. Ukijua kusoma Kiswahili, unaweza kusimama mbele ya neno lolote jipya ukalitamka bila hofu. Huo ni utajiri, na anapoingia sekondari anautumia, kama inavyompasa. Kumcheka kwa kuutumia ni kumfundisha kwamba akili yake haifai hapa. Dakika mbili za kumwambia "umesoma sawasawa, ila neno hili lina historia" zingetosha.

Wasomi wale wa Uingereza hawakuishia kwa kanali. Ilikuwa tabia ya wakati wao kurudisha herufi za Kilatini ambazo hakuna aliyezitamka. Waliingiza b katika neno la deni, debt, wakaingiza p katika receipt, kwa sababu tu Kilatini kilikuwa nazo. Kiswahili hakikudanganyika. Sisi tunasema risiti, na ile p haimo. Waliolipokea neno hilo dukani na forodhani hawakuhitaji kujua Kilatini, walisikiliza.

Na hivyo ndivyo tulivyompata kanali. Lingekuwa limetufikia kwa njia ya kitabu, leo tungesema koloneli. Tunasema kanali kwa sababu aliyelichukua alikuwa na masikio mazuri. Tazama na majirani zake jeshini. Sajini: kwa Kiingereza linaandikwa kwa e, sergeant, lakini Mwingereza anasema a, na Kiswahili kikasikia a. Koplo: andiko lina silabi tatu, kinywa cha Mwingereza kinaibana ile ya kati, na Kiswahili kikaitupa kabisa. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na humo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, hata kikazaliwa Kiswahili cha kambini kilichoitwa KiKAR. Katika mazingira kama hayo maneno husafiri kwa amri inayopigwa alfajiri, na wengi wa wanaoipokea hawana kitabu mkononi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoanzishwa Septemba 1964 na kuvifanya vyeo kuwa vya Kiswahili, kanali alikuwa na jina lake tayari.

Ile irabu ndefu ya Kiingereza, ambayo Kiswahili hakina, ilituletea kazi kila mara, na hatukuitatua kwa njia moja. Katika shirt tuliisikia a, tukapata shati. Katika nurse tuliisikia e, tukapata nesi, na sketi na jezi zikafuata upande huo. Kanali akaenda na shati. Sijui kama kuna mtu angeweza kuchagua vizuri zaidi, maana sauti yenyewe iko katikati ya a na e, na aliyesikia mojawapo hakukosea.

Ukienda Kongo, ambako vyeo vya jeshi hutajwa kwa Kifaransa, utasikia watu wakisema koloneli katika Kiswahili chao, nao wako sahihi kabisa, kwa kuwa Kifaransa cha leo kinaitamka ile l. Mtu wa Bukavu na mtu wa Dodoma wanamwita ofisa mmoja kwa majina mawili, na tofauti yao ni ileile iliyowatenganisha Wafaransa na Waingereza.

Ila nisiseme kwamba sikio letu lilishinda kila mahali. Luteni ananipinga. Mwingereza, bila kujali andiko, hulitamka lieutenant kwa f katikati, left-, na Mmarekani ndiye asemaye luu-. Kama tungefuata mdomo wa Mwingereza tungekuwa na leftenanti au kitu kama hicho. Tuna luteni, isiyo na alama yoyote ya f. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anayesoma cheo cha luteni kanali kwa Kiingereza kwenye gwaride la Nairobi au Kampala ana mitego miwili kwa mpigo: la kwanza limefichiwa f ambayo haikuandikwa, la pili limefichwa l iliyoandikwa.

Basi tulitamke. Anza na kanali ya Kiswahili, kwa sababu kazi kubwa imekwisha kufanywa humo.

Kwanza hamisha mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema ka-NA-li, na mazoea hayo hutufuata mpaka kwenye Kiingereza, tukasema ka-NEL. Mwingereza anaukaza mwanzo: KA-nel. Kosa hili la mkazo hunyima watu kueleweka kuliko kosa la irabu, na walimu wengi hawaligusi.

Pili ni irabu ya silabi hiyo ya kwanza. Ulimi ulale katikati ya kinywa. Usiusogeze mbele kama unaposema e wala usiurudishe nyuma kama unaposema o, na midomo usiiviringe. Ni sauti anayoitoa Mwingereza anapositasita akitafuta neno. Irefushe. Ukitaka Kiingereza cha Marekani, ukunje ulimi kidogo kuelekea juu, r itatokea yenyewe. Chagua mmoja na ubaki naye.

Tatu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu ni suala la mwili tu. Sisi hatumalizi neno kwa konsonanti, kwa hiyo mwishoni tunatia i: kaneli. Dawa iko kwenye ncha ya ulimi. Unapotamka n, ncha hiyo imegusa ufizi wa juu, nyuma ya meno. Usiiondoe. L nayo hutamkwa papo hapo. Kutoka n kwenda l ncha inabaki ilipo, na ni pande za ulimi tu zinazoshuka ili hewa ipite. Nyamaza ulimi ukiwa bado umegusa. Hapo hakuna nafasi ya i kuingia.

Ukifanya hivyo utakuwa umetamka pia neno kernel, yaani kiini cha mbegu, kwa kuwa mawili haya kwa Kiingereza hayana tofauti hata kidogo yanaposikika. Wanafunzi hupenda nikiwaambia hivyo. Wanaandika yote mawili, moja chini ya jingine, wanayatazama, kisha wanatamka sauti moja.

Nilipokuwa chuoni nilirudi nyumbani likizo nikamkuta baba mdogo barazani, amezeeka, redio iko miguuni pake kama siku zote. Baada ya shikamoo na habari za safari nilimkumbusha neno nililomwandikia kwenye vumbi. Alilikumbuka. Nikamwambia kuhusu mkazo, nikamwambia kuhusu ncha ya ulimi, kwamba aiache juu isishuke. Alijaribu mara ya kwanza, i ikatoka. Akatikisa kichwa, akaweka mkono shavuni kama anayepima kitu ndani ya kinywa chake, akajaribu tena.

Lilitoka safi. Alilirudia mara mbili, polepole, kisha akauliza, "Na waliokucheka, waliambiwa hili la ulimi?"

"Hawakuambiwa, baba."

Akainama kuongeza sauti ya redio, maana saa ya taarifa ya habari ilikuwa imefika.